Mstari wa Chaki ya Fundi

Mama mdogo,

Shikamoo. Hatujambo, ila nyumba imepoa, maana cherehani ya dada yako imelala.

Lile donge la shingoni daktari amelipa jina. Sitaliandika hapa. Wamemmezesha mama kidonge cha iodini, wakamwambia asikaribiane na mtu kwanza. Akachukua futi yake ya kupimia nguo, akapima mita mbili kutoka kitandani, akachora mstari kwa chaki ya fundi. "Ukivuka, tutagombana!"

Nilimuuliza mwalimu wa kemia. Mama mdogo, nilibaki mdomo wazi! Iodini hiyo ni ndugu wa ile iliyo kwenye chumvi tunayopikia. Protoni zao ni sawa, ila kila atomu ya kidongeni imebeba nyutroni nne zaidi, basi haitulii, inatoa miali inayoweza kumdhuru hata aliye karibu. Shingo haijui tofauti. Inaikaribisha kama mwenyeji, nayo ikiwa ndani inauchoma ugonjwa. Kitu ambacho punje ya chaki mbele yake ni mlima! Usiku nalala nikikiwaza.

Leo hospitali mpimaji amemsogezea kimashine cha kupimia miali shingoni, akasoma, akasema, "Ruksa." Tulipofika nyumbani mama aliufuta mstari kwa unyayo.

"Njoo nikupime."

Hakuna nguo anayonishonea. Alinizungushia futi kifuani, akanishikilia hivyo kwa muda mrefu, na namba hata hakuitazama.

Ukipata nafasi, njoo. Na wewe atataka kukupima.

Mwanao