Kuku wa Nathan

Unyambwa, Singida

Baba Pendo,

Salamu nyingi huko Sekenke machimboni. Sisi hatujambo, na mtama umeanza kutoa masuke. Pendo ameng'oka jino la mbele, sasa anacheka huku amefunika mdomo.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningeshindwa kuyasema haya. Jumamosi nilikuwa mnadani na akina mama wa kikundi chetu. Tulikuwa na kipaza sauti, tukiwaomba watu wasiwaning'inize kuku kichwa chini kwenye pikipiki. Watu walitusikiliza vizuri, mpaka mdogo wako Nathan alipofika na kuku wake thelathini, wamefungwa vile vile.

Akasema, "Shemeji, nyamaza. Unanifukuzia wateja."

Nikamjibu, "Nathan, wawili wameshakufa. Hebu waangalie."

Nikaanza kuwafungua wengine. Akanikamata mkono, akaukunja mpaka nikapiga magoti mbele ya mnada mzima. Wanaume walitazama tu. Magreth, yule muuza chumvi, ndiye aliyemvuta shati mpaka akaniachia.

Mkono umefungwa bandeji, naandika kwa wa kushoto, ndiyo maana mwandiko ni mbaya hivi.

Mama yako anataka niombe radhi, eti nimemwaibisha mwanaume. Utapigiwa simu, uambiwe nilimtukana. Sikumtukana.

Sikuombi uje ugombane na ndugu yako. Ila Jumamosi hii nakwenda tena, na Magreth amesema atakuja kusimama nami. Hata ukinikataza, nitakwenda.

Mkeo,
Severina