Mafuta ya Baba na Nyuki Mmoja

Jumanne, 4 Machi
Baba amegeuza bafu la nje kuwa maabara. Jiko la gesi, bomba la shaba, pipa la majani. Kafundisha kemia miaka thelathini, kastaafu, kumbe hajachoka! Anatoa mafuta ya maua ya lavanda na ya mchaichai. Kasoma mahali kwamba panya wenye mzio wakipakwa lavanda hawavimbi sana. Nikamwambia panya ni panya. Akasema nirudi duka la dawa nikauze vidonge vyangu vya kichwa.

Alhamisi, 6 Machi
Vipele vya Shangazi mikononi vimetulia! Siku mbili tu za mafuta. Anatamba nyumba nzima kama kapata mchumba. Nimeviona kwa macho yangu, sikatai. Ila Baba kanyamaza mno. Ninavyomjua mimi, akinyamaza hivi ana lake jambo.

Jumapili, 9 Machi
Kalisema mezani, kama mtu anayeomba chumvi. Anataka ajaribu mafuta yake kwa kuumwa na nyuki. Nyuki! Mwaka juzi mmoja tu alimuuma shingoni, tukambeba hana pumzi. Ndiyo maana sindano ya dharura iko kabatini. Shangazi akasema nimwache kaka yake, ana akili zake.

Jumatano, 12 Machi
Sindano haipo kabatini.
Baba anasema labda imebebwa na panya. Hakunitazama. Nimemweleza daktari wake, kaniandikia nyingine. Natembea nayo mfukoni, hata kuoga naingia nayo.

Alhamisi, 13 Machi
Chupa ya jamu dirishani mwa bafu. Kifuniko kimetobolewa matundu. Ndani kinavuma kitu. Nimeifungua nje, nyuki akaruka zake. Nikajiona shujaa! Baba alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Hakugomba. "Mwanangu," akasema taratibu, "bustani imejaa."

Jumamosi, 15 Machi
Naandika hospitali, kwenye benchi.
Saa nne asubuhi naanua nguo, nikasikia Shangazi anahesabu kwa sauti bafuni. Dakika ya tatu… ya nne… Nikaelewa. Mlango umekomewa. Nikapiga kelele wafungue. Baba akajibu kwa ndani yuko salama, nisimharibie vipimo. Lakini ile sauti! Nzito, kama ana kitambaa kinywani. Kisha kimya. Kisha Shangazi kaacha kuhesabu.
Alifungua yeye, analia. Baba sakafuni, midomo imeumuka, mabaka hadi masikioni, mkono unang'aa mafuta. Nikamchoma sindano pajani juu ya suruali. Nilidhani nimechelewa. Nilidhani nimemuua mimi, kwa kumchekea wiki nzima.
Akavuta pumzi.
Daktari anasema hatari haijaisha, inaweza kurudi ndani ya saa chache, alale hapa waangalie. Nimeingia kumwona. Nikasubiri aseme samahani, au hata jina langu. Akaniambia hakukosea dawa. Alikosea kuchelewa. Angepaka kabla ya kuumwa, si baada.
Macho yanamwaka. Sijawahi kumwona na furaha hivi.
Nimetoka nikae hapa mlangoni. Muuguzi kaitwa chumba kingine. Shangazi huyo anakuja koridoni, kajifuta machozi, mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili. Nimemuuliza kabeba nini. Kasema nguo za kaka, lakini ndani kinavuma kitu.
Nimegeuka. Baba amekaa kitandani. Anakunja mkono wa shati.