Dumu la Asali la Mama

Faudhia, upo? Usipige, niko na mama kwenye bajaji, atasikia.

Kaka Kelvin ametupeleka kula na wakwe zake, mgahawa wa Kitaliano huku Masaki. Mama kasafiri siku mbili kutoka Inyonga na dumu la asali, maana unajua kwetu huendi kwa wakwe mikono mitupu.

Mlangoni Kelvin kamnyang'anya, kampa mlinzi. "Mama, hapa watu hawaingii na madumu."

Madumu. Asali aliyorina baba mwenyewe.

Mwishoni wakaleta jibini iliyomwagiwa asali. Mama kaonja, akanitazama. Aliijua, ya miombo ya kwetu kabisa. Mama mkwe huku analamba kijiko, anamuuliza, "Kwenu mnapata asali kama hii?"

Kelvin akawahi kujibu. "Hapana, kule hakuna."

Kule hakuna, Faudhia. Mbele ya mama. Na ada yake yote imetoka kwenye mizinga ya baba.

Wakati wa kutoka mama kamwambia mlinzi dumu abaki nalo. Yule mlinzi kalipokea kwa mikono miwili, kainama. "Asante sana, mama."

Tumepanda bajaji ndipo mama kafungua mdomo. "Yule amelelewa."