Mkwe Wangu Hataki Kuniangusha

Mpendwa Shangazi Mwanarusi,

Naomba msaada, lakini kabla ya msaada kuna tangazo. Wakazi wote wa Voi, kuanzia Mwakingali hadi Sofia, pamoja na wale wa milimani watakaolipata gazeti hili likiwa limefungiwa mandazi, wanajulishwa rasmi kwamba Jumamosi iliyopita, mbele ya mashahidi, mimi fundi wa friji mwenye kitambi na miwani nilimwangusha mwalimu wangu wa judo chali. Hakuna majeruhi. Shughuli za mji ziliendelea kama kawaida.

Sasa nieleze shida. Mwalimu huyo anaitwa Derrick, ni kijana wa Wundanyi, mchana anafundisha hesabu shule ya upili na jioni anafundisha judo katika ukumbi wa kanisa hapa mtaani, na ndiye aliyemwoa binti yangu Mumbe, kwa hivyo ni mkwe wangu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwaka jana daktari alinipima presha akatikisa kichwa, akaniambia nitafute zoezi, nikajaribu kutembea asubuhi lakini kila nikifika barabara kuu naitwa na mtu ambaye friji yake imekufa, basi nikaona heri niende kwa mkwe, nikanunua lile vazi jeupe la judo, nikajiangalia kwenye kioo nikafanana na mpishi wa hoteli, nikaenda. Mimi ni Mkamba, Shangazi, na kwetu nyumbani mkwe ni mtu wa kuheshimiana naye kwa mbali, mnasalimiana, mnakula, lakini hamgusani ovyo, na kijana akimshika baba mkwe wake kola hilo ni jambo la kuitiwa wazee na kutozwa mbuzi. Na judo, kwa wasioijua, huanza kwa kumshika mwenzako kola. Bila kola hakuna judo, ni watu wawili tu wamesimama bila viatu.

Basi Derrick akatafuta njia. Wenzangu wakijifunza kuanguka, maana katika mchezo huo mtu hufundishwa kuanguka kabla ya kitu kingine chochote, mimi hupewa filimbi. "Baba, tusaidie na filimbi," ananiambia kwa upole, nami napuliza kama refa wa fainali, watu wanaanguka, napuliza tena, wanainuka. Tukifika kwenye kushindana, kila anayepangwa nami ananishika kwa ncha za vidole, nikimvuta kidogo anaenda chini, nikaamini kwamba nina kipaji kilichocheleweshwa na kazi ya friji. Nikapewa mkanda wa njano. Nikapewa wa rangi ya chungwa. Nikaanza kupita nao mtaani nimeuning'iniza begani, hadi mke wangu Ndunge akaniuliza kama ni wa kufungia punda.

Jumamosi ndiyo iliyonifungua macho. Derrick aliniita mbele nimwangushe yeye mwenyewe, akasimama bila kunigusa, na nilikuwa bado naangalia chini nikitafuta pa kuweka mguu wa kulia nilipoona mwalimu ameshalala chali. Watu wakapiga makofi. Fuad, kijana mwenye duka la viatu anayefanya mazoezi nasi, akaninong'oneza, "Mzee, wewe hapa huangushwi. Wewe twakupangusa vumbi tu." Tena wana utani wao kuhusu ng'ombe. Mtu akiangushwa vizuri wanamuuliza, "Umemwona ng'ombe?" na wote wanacheka, nami nacheka kwa sauti kubwa kuwashinda, ingawa hadi leo sijui ni ng'ombe gani.

Mwezi ujao anakuja mtahini kutoka Mombasa, mtu asiye mkwe wa yeyote hapa Voi, anakuja na wanafunzi wake wa kupambana nasi, na Derrick ameniandikisha kwa mkanda wa kijani. Hao wageni wataniangusha kwa dhati, nami sijui kuanguka, nitavunjika, na Derrick ataaibika kwamba anagawa mikanda kama peremende. Nikiacha kwenda, Mumbe atasema nimemkasirikia mumewe. Nikimwambia Derrick aniangushe, Ndunge ameshasema, "Akikushika kola, Krismasi nitamkaribisha kwa uso gani?" Halafu, na hili naliandika nikiwa nimefunga mlango wa duka langu la friji, ile mikanda naipenda. Nifanye nini?

Baba Mumbe, mkanda wa rangi ya chungwa,
Mwakingali, Voi

*

Baba Mumbe,

Pole, na hongera kwa kumwangusha mtu kwa kumfikiria tu. Ukipata nafasi, njoo umfikirie na mwenye nyumba wangu.

Nimecheka, kisha nikaisoma tena barua yako nikakuonea huruma, maana chini ya mzaha wote huo yupo mtu aliyekwenda kujifunza akafanywa mgeni wa heshima. Hilo linauma, na wala usione haya kwamba linauma. Lakini kijana usimlaumu. Amekupa heshima aliyolelewa nayo, hakuwa na nyingine ya kukupa. Kilichopotea ni haki yako ya mwanafunzi, yaani kushindwa na anayejua zaidi, kisha ukaambiwa ni kwa nini umeshindwa. Na wewe ulijua. Mtu anayepewa filimbi kila jioni anajua. Ulinyamaza kwa sababu rangi ya chungwa ilikupendeza.

Sasa nisikize. Ulikwenda kwa ajili ya presha, ukabaki kwa ajili ya mkanda, na judo yenyewe hujaionja. Anayefukuzia mkanda akishaupata hana tena la kumtoa nyumbani jioni. Mwaka huu jiwekee lengo moja, tena dogo: kuanguka bila kuumia na kuinuka bila kununa. Hilo waweza kulipima mwenyewe, bila mtu wa Mombasa. Usijilinganishe na Fuad, goti lake bado halijazeeka kama lako. Jilinganishe na Baba Mumbe wa wiki jana. Na jioni ile unayojiona hufai kitu, hiyo ndiyo jioni ya kwenda, kwa kuwa hapo ndipo utakapojua kama wataka kujifunza au wataka kupigiwa makofi.

Kuhusu mkwe, heshima hiyo ni yako, kwa hivyo ni wewe wa kumwondolea mzigo. Yeye hawezi kukuomba. Usimwambie ukumbini mbele ya wanafunzi wake, atakosa pa kuweka uso. Mwalike nyumbani, chai iwe mezani, Ndunge na Mumbe wawepo wasikie, useme kwa kinywa chako kwamba ndani ya ukumbi wewe ni mwanafunzi na nje ni baba. Ndunge naye muulize ni kipi kitakachomshinda kueleza Krismasi, kola iliyoshikwa au mguu uliofungwa plasta. Wasiwasi wake si upuuzi. Ikiwa moyo wake bado mzito, basi kwa miezi ya mwanzo Fuad ndiye akushike na Derrick afundishe kwa mdomo.

Mkanda wa chungwa urudishe mwenyewe kabla mtahini hajafika, ukasimame mwisho wa mstari na wanaoanza, wenye mikanda myeupe. Filimbi mpe mwingine. Na kabla hujaangushwa na yeyote, pita kwa daktari wako umwambie kuwa ni judo. Usimwambie ni mazoezi kidogo, nawajua nyinyi.

Kisha uniandikie ilivyokuwa, bila tangazo.

Shangazi Mwanarusi

*

Barua hii ya pili ilitufikia baadaye, nasi twaichapa kama ilivyo.

Shangazi,

Umesema bila tangazo, basi ukweli ni huu. Jumamosi ile sikumwangusha Derrick. Alijilaza.

Nilimwalika kwa chai nikasema yale maneno, ambayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya friji za wateja. Derrick akazungusha kikombe, halafu akasema, "Baba, kola siwezi. Labda tuanze na mkono wa nguo." Mumbe alicheka hadi akatoka nje. Ndunge akasema sawa, mradi yeye asiwe karibu kuona.

Daktari aliniruhusu kwa masharti, hasa kuhusu chumvi. Mtahini alikuja akaenda. Mimi nilikuwa mwisho wa mstari, na mkanda wangu mweupe ukiwa bado na mikunjo ya dukani. Derrick alimweleza kwamba mzee yule amerudisha mkanda kwa hiari yake. Nilitegemea nitapongezwa. Mtahini aliniangalia, akasema "Vizuri, kunja magoti zaidi," akapita.

Kuanguka nimefundishwa na Fuad, upande wa kulia, wa kushoto na kinyumenyume, na kwa muda mrefu nilikuwa naanguka kama gunia linaloshushwa kwenye lori, tena macho nimeyafumba. Kuna jioni mbili tatu nilikaa dukani na taa zimezimwa nikijiambia nina kazi. Baadaye nikawa naenda hata siku hizo.

Jana Derrick mwenyewe alisimama mbele yangu. Akanishika mkono wa nguo, akasita, kisha akanishika kola. Akasema, "Samahani, baba," na hilo neno baba lilinifikia nikiwa tayari hewani.

Nikapiga mkeka kwa kiganja kama nilivyofundishwa. Sikuumia. Nikafungua macho, na pale juu darini, mahali mvua ilipowahi kupenya, kuna doa kubwa la maji lenye mgongo, miguu minne na pembe moja. Miezi yote ile alikuwa hapo juu ya kichwa changu, nami chini napuliza filimbi.

"Umemwona?" Fuad akauliza.

"Nimemwona," nikasema, nikabaki nimelala kidogo nikimwangalia.

Derrick akaniinua kwa kola ileile, na kabla hajaiachia akainyoosha ikakaa sawa, kama vile nilikuwa naelekea kanisani.

"Tena, baba?" akaniuliza.

Baba Mumbe, mkanda mweupe,
Mwakingali, Voi