Neno la Kuzima Kirikuu

Jumatatu, 15 Septemba

Keko mapema. Makochi ya Tabata, meza ya Wazo. Wakati kirikuu yangu, kigari changu cha mizigo, inapakiwa nimekunywa chai kwa raha zangu. Kazi hii naipenda. Wanaume wa kijiweni bado wanashangaa mwanamke kubeba makochi. Washangae.

Kwenye foleni ya Tabata gari likazimika. Si betri, si mafuta. Nikampigia Shabani, mume wangu, akatuma meseji, likawaka. Mwezi uliopita tulifunga kifaa kwa ajili ya wezi. Ukikiandikia "zima", kinakata injini gari likipunguza mwendo. Ukiandika "washa", linarudi. Kinasikiliza namba mbili: ya Shabani na ya mama yake, ya akiba. Mimi dereva simo.

Jumatano, 17 Septemba

Limezima tena, makabati mgongoni. Shabani anaapa hajagusa simu. Sasa nani? Mama yake anaandika meseji kwa kidole kimoja, kwa tabu. Na juzi tu Shabani alinuna nilipokubali mzigo wa Wazo, ati mbali mno. Namshuku. Namshuku sana. Wali nimempikia, maneno nimemnyima.

Ijumaa, 19 Septemba

Fundi Mwinyi, seremala anayenipa mizigo, leo kanisemesha kwa upole. Upole wake ndio ulionitisha.

"Mama Zuhura, kesho kuna kitanda cha bi harusi. Gari likizima tena, mizigo yangu nampa mwingine."

Mizigo yake ndiyo kazi yangu yote. Nimefika nyumbani nimefura. Shabani kaniuliza, "Mie nikuzimie gari ili iweje?" Tumepeana migongo.

Jumamosi, 20 Septemba

Limezima. Temeke, kitanda juu, nyumba ya tatu kutoka kwa mama mkwe. Nikaingia kwake uso nimeukunja.

Shikamoo. Marahaba mwanangu, ndiyo kwanza nakujulia hali, gari halinijibu siku hizi.

Simu mkononi. Namba ya kifaa ameihifadhi kwa jina "Gari", akidhani ni laini yangu ya kazini. Kila akinikumbuka barabarani anauliza kama gari ni zima. Kwa kidole kimoja hana haja ya maneno mengi. Anaandika tu: "Zima?"

Na gari, kwa utiifu wake, linazima.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakuona cha kuchekesha. Kujuliana hali si kosa. Nikaandika "washa" kwa simu yake, nikaondoka. Kitanda kimepokelewa kwa vigelegele. Fundi Mwinyi kanipa mzigo wa Jumatatu bila kuniangalia usoni, ndivyo anavyoomba radhi. Shabani nimemwomba radhi kwa maneno kamili. Kanuna kidogo, kwa haki yake.

Jumanne, 23 Septemba

Fundi wa vifaa ametoa namba zote mbili, ameweka yangu. Shabani ndiye aliyetaka ya kwake itoke, amechoka kushukiwa. Mama mkwe sasa ananiandikia mimi. Namjibu.

Nimeendesha siku nzima na gari langu mwenyewe. Raha. Ila jioni nimerudi kwa fundi, peke yangu, bila kuombwa, namba ya Shabani ikarudishwa. Nikabadilisha pia neno la kuzima, nikachagua jipya.

Namba yake imo. Neno sijamwambia bado.