Kinanda Kisiondolewe Sebuleni

Binti yangu, amani iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani humu.

Chai imo ndani ya chupa. Maharage yako jikoni, yaangalie yasiungue. ~~Mpiga kinanda akifuata kinanda chake, apewe.~~ Kinanda kisiguswe.

Utasikia kwamba asubuhi, ulipokuwa sokoni, nilimfukuza mpiga kinanda katikati ya mazoezi, nikisema kaswida ya harusi haichanganywi na ala na kwamba dini hainiruhusu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mimbari. Mwanao, bibi harusi wetu, akaingia chumbani akilia.

Ukweli ni huu. Nilipofika kwenye ubeti wa juu, sauti ilinikatika. Yule bwana, kwa adabu yake, akashusha ngazi ya sauti kwenye kinanda ili nami nifikie. Mwanao akacheka: "Babu, huko juu waachie vijana." Niliona haya, nikaghadhibika, kisha nikaifunika aibu yangu kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ala hiyo hiyo nimeisikiliza wiki nzima nami nimeridhia.

Nimekwenda kumwomba radhi mpiga kinanda na kumsihi arudi, maana harusi ni kesho na hakuna wa kushika nafasi yake. Mwambie mwanao kaswida ni yake. Beti za juu ampe amtakaye, nami nitakaa nyuma niitikie.

Akiuliza kwa nini nilisema vile, usinitetee. Nitamwambia mwenyewe.

Baba yako