Kopo ya Maziwa ku Naviundu

Dimanche, 9 janvier 1955
Mvula tena. Kisha misa nimerudia kazi yangu ya wazimu: kufunga kopo tupu ya maziwa ku kijiti. Mayi ya mto Naviundu ikipanda, kopo itaelea, nyuzi mbili za shaba zitagusana, na kengele ya zamani itatetemeka. Ile kengele nilitoa ku mulango wa villa moja ya wazungu ku Golf, siku niliweka mupya. Inatoa cheche, na cheche inakwaruza mu radio yangu huku juu ya kilima: krrrr! Bila waya kati yetu. Pile mbili za tochi tu. Mayi ikikaa chini, machine haikule pile.

Sababu iko moja. Mama mukwe anaishi peke yake mu lupango yake, nyumba na kiwanja, pembeni ya mto. Hasikie tena muzuri. Anakataa kuhama. Mimi siwezi kuingia kwake wala kumuangalia mu macho, yeye hawezi kulala kwangu. Njo heshima ya kwetu. Basi nitamulinda na kopo. Mwanaume wa miaka makumi tano, tumbo kama ngoma.

Mardi, 11 janvier
Bibi yangu Madeleine, binti yake, alisimika kijiti na kopo mu mayi. Mimi nilisimama ku barabara, mbali, kama mwizi. Kisha nikapanda kwetu kungojea. Kule chini Madeleine alinyanyua kopo kwa kujaribu: radio ikalia! Niliruka, nikapiga kichwa ku dirisha.

Shemeki Albert, kaka ya Madeleine, alicheka mpaka machozi.

"Shemeki, radio yako inakohoa! Ipeleke ku dispensaire!"

Anasikiliza rumba yangu, anakula bukari yangu. Mama ni wake. Yeye anaweza kuingia kule. Hata musumari hakuleta.

Vendredi, 14 janvier
Hasira. Kutoka barabara naona mayi imepanda. Radio: rumba tu, hakuna krrrr. Nilituma Madeleine. Alirudi macho chini. Mama yake alitoa machine mu mto, akasema:

"Muko anatuma jicho yake mu lupango yangu, pale penye ninaoga!"

Lakini kintu ya muko, bwana wa binti yake, haiwezi kulala mu matope. Basi aliifunika na kitambaa safi, akaiweka juu ya mabati. Kwa heshima! Juu ya mabati! Mayi ikifika pale, tutaita padri, si Madeleine.

Nani alimuambia ina macho? Albert. Kwa muchezo. Nilimupigia kelele mpaka jirani wakatoka. Ameahidi kumueleza mama na kuirudisha kesho. Sikula. Hata tumbo yangu ilishangaa.

Dimanche, 16 janvier
Albert hakuirudisha. Alisahau! Nitamuua.

Kisha saa sita ya muchana mvula ilimwagika kama ndoo. Radio iliimba safi, safi sana. Ile usafi iliniogopesha. Nilikimbia. Mayi ilikuwa imefika ku kitanda cha mama mukwe. Albert alikuwa ku barabara, viatu mukononi, anatafuta njia kavu. Njia kavu!

Niliingia. Mimi, muko. Nilimubeba mama ku mugongo. Alijifunika uso, akanipiga ngumi ku mabega.

"Angalia pembeni! Angalia pembeni, muko!"

Niliangalia pembeni, nikaanguka mu shimo. Tulikunywa Naviundu wote wawili. Nikapanda kilima ninatukana: Albert, mto, heshima. Na mimi mwenyewe, fundi mukubwa, mwenye kuweka kintu kwa muntu bila kumuuliza.

Nyumba ya mama imeanguka jioni.

Mercredi, 19 janvier
Mvula imepumzika. Madeleine alimupa mama yake kuku mweupe kwa jina langu, juu ya kosa la kumugusa. Alipokea. Yuko mu chumba cha mbele, nyuma ya pazia. Mimi ninapita ku mulango wa nyuma, mu nyumba yangu mwenyewe.

Asubuhi nilikaa inje na kikombe ya chai. Sauti ikatoka nyuma ya pazia. Tangu nilioa, hajapata kusema nami neno la bule, la kuongea tu.

"Muko, ulikula?"

Niligeuza uso, niliangalia ukuta.

"Ndiyo, mama."

Sikula. Lakini ndiyo.